Kilio Kinachosimama Kusikiliza

Lulindi,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Hilda mwanangu,

Umekwenda Lupaso kumuaga bibi yako na utarudi kabla jua halijazama, kwa hiyo nina kama saa tatu za kuandika. Mama yako yuko jikoni anakaanga korosho zako za safari. Mbwa wetu, Watasema, amelala kwenye kizimba chake hapa barazani, mlango uko wazi, na mguu mmoja wa nyuma ameutoa nje kama mtu aliyepewa kitanda kifupi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala neti, wala kutoonyesha simu kwenye basi. Hayo mama yako amekwambia mara nyingi kiasi kwamba hata mbwa anayajua. Morogoro sijawahi kufika na chuo cha mifugo sikijui, kwa hiyo huko sina cha kukuelekeza. Ninachokijua kiko nyuma yetu, na kimo kwenye madaftari yangu. Ninaandika kwa sababu mdomo umejaribu mara tatu wiki hii ukashindwa. Mara ya mwisho ni juzi tulipokuwa tunafunga begi. Nilikuita, ukageuka, ukanitazama, nami nikakuuliza kama umeona koleo.

Unajua kwamba nilianza kuandika kwa ajili ya mikorosho: siku maua yalipotoka, siku ubwiri ulipoonekana kama unga mweupe juu ya majani, siku niliyopuliza salfa ya kuuzuia na upepo ulivyokuwa. Baadaye nikaongeza mvua, wageni, wagonjwa na misiba. Sasa madaftari ni kumi na tisa, yote ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na kila ukurasa una tarehe yake. Nilijivunia kwamba hakuna kilichotokea katika nyumba hii kikanipita. Nilifikiri hivyo mpaka mwezi wa saba mwaka huu.

Acha nianze na mbwa, maana yeye ndiye aliyenifungua macho.

"Jumamosi, 14 Juni. Mjomba wa Hilda amefika kutoka Newala na mtoto wa mbwa ndani ya tenga la nyanya. Dume, rangi ya udongo, kifua cheupe. Amelia tangu Newala hadi Masasi, na tangu Masasi hadi hapa. Konda ametaka kuwashusha."

Nilikuwa nimemwomba mbwa kwa sababu Jeki, mlinzi wetu wa zamani, alikuwa amegongwa na bodaboda pale njia panda akafa, na ngedere walikuwa wameshajua kwamba shamba halina mwenyewe. Unamkumbuka mjomba wako alivyokaa hapo kwenye benchi, viatu vimejaa vumbi, akitoa maagizo kama mtu aliyeleta trekta.

"Shemeji, dawa ya huyu ni moja. Mfungie bandani mchana kutwa, asimwone mtu. Mfungue jua likizama. Kwenye ugali wake tia pilipili, si nyingi. Baada ya miezi mitatu wewe mwenyewe utapiga hodi kwako."

"Na akilia?"

"Akilia tupa jiwe juu ya bati. Atazoea."

Mama yako akaweka chai mezani. "Kaka, na wanao uliwalea hivyo hivyo?"

"Wanangu wamekulia kwenye nyumba ya nyasi, dada. Jiwe halina mlio."

Tulicheka wote isipokuwa wewe. Ulikuwa umeshachuchumaa kwenye tenga, umeingiza vidole viwili, na yule mtoto anavinyonya. Ukauliza jina lake. Mjomba akasema anaitwa Watasema, kwa sababu majirani zake kule Newala hawana kazi nyingine. Halafu ukamwambia, kwa adabu lakini bila kuinua macho kutoka kwa mbwa, "Mjomba, naomba unipe miezi miwili. Nikishindwa, tutamtia hiyo pilipili."

Huku kwetu mjomba akisema, baba hunyamaza, na mtoto ndiyo kabisa. Nilijiandaa kuona amekasirika. Akakutazama, akacheka. "Haya, daktari wa mbwa. Miezi miwili."

Kwa hiyo ulipoanza, nilijua kinachongojwa. Ukishindwa, mnyama huyu angefungiwa gizani na kulishwa pilipili mpaka achukie kila chenye miguu miwili. Na nikikwambia kweli, nilidhani utashindwa. Mtoto yule alikuwa na deko ambalo sijawahi kuliona. Ukiondoka hatua tatu analia. Ukienda chooni analia mlangoni. Asubuhi za kupuliza salfa alikuwa anaifuata mashine kwenye vumbi lote lile, anapiga chafya na kulia, analia na kupiga chafya. Pa kumweka palitakiwa, na akae pale bila kujiumiza.

Ulichukua lile sanduku la mbao ambalo mashine ya kupulizia ilikuja nalo, ukang'oa mbao kila baada ya moja ili hewa ipite, ukatia bawaba za kandambili iliyokatika. Ukatandika gunia na ile shuka yako ya zamani. Siku tatu nzima hukufunga mlango. Ulitupa vichwa vya dagaa ndani ukaenda zako, naye akawa anaingia na kutoka kama mwenye nyumba. Siku ya nne ukafunga, ukaniita.

"Baba, shikamoo tena. Naomba saa yako na daftari lako."

"Marahaba. Vya nini?"

"Utaandika analia muda gani. Usiende kwake. Mimi ndiye nitaenda, na nitaenda akinyamaza tu."

Nikakuuliza kwa nini usimfungulie akilia, yaishe. Ukasema maneno ambayo niliyaandika papo hapo: "Akilia nikaenda, nimemfundisha kulia. Akinyamaza nikaenda, nimemfundisha kunyamaza. Nasubiri pumzi moja tu ya kimya, baba. Moja."

Ukakaa na kapu la kisamvu, umempa mgongo, ukachambua majani. Alilia. Alipiga mayowe. Alikwaruza mbao. Jirani akasimama njiani akauliza kama tunachinja. Nami nilikuwa nakutazama wewe, si yeye. Mikono inachambua, mgongo hautikisiki, lakini kichwa umekiinamisha kidogo, sikio la kulia limeelekea kizimbani. Ikaja pumzi. Fupi, kama mtu anayemeza mate. Kabla sijaandika tarakimu ulikuwa umeshafika mlangoni unamwambia kwa sauti ya chini, "Ndivyo. Ndivyo hivyo." Nimewahi kuona watu wakivizia ngedere, wakivizia mwizi, wakivizia mvua. Sikuwahi kuona mtu akivizia kimya.

Umesoma daftari hilo kwa hiyo unajua yaliyotokea ulipokwenda Masasi kushughulikia fomu zako ukaniachia zamu. Nilijitahidi. "Dakika ya 1 analia. Dakika ya 2 analia. Dakika ya 3 analia sana. Dakika ya 4 nimempa dagaa." Nikarudia mara tano siku ile, na mara zote tano niliishia dakika ya nne. Uliporudi jioni ukasoma, ukashika kiuno.

"Baba. Umemfundisha kwamba mlango uko dakika ya nne."

"Alikuwa analia kama mtu!"

"Anadeka."

"Kama wewe ukiwa na mafua," mama yako akapiga kelele kutoka jikoni, na sikupata wa kunitetea.

Nimeyaandika haya ya kuchekesha kwa sababu nayapenda, na kwa sababu yana uchungu wake ambao wakati ule sikuuona. Shika neno hilo la dakika ya nne. Nitalirudia.

Sasa ile Alhamisi ya mwezi wa saba. Jua lilikuwa kali na baraza hili halina kivuli saa za mchana, kwa hiyo mimi, kwa akili yangu, nilikibeba kizimba nikakiweka chini ya mkorosho mchanga. Unajua ninavyowatunza majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini. Wapo wanaowachoma kwa sababu wanauma. Mimi nawaacha wajenge viota vyao vya majani, kwa sababu wanakula wadudu wanaofyonza machipukizi, na nafunga kamba kutoka mti hadi mti ili wapite wasishuke chini. Siku ile kamba moja ilikuwa imekatika, ikakosa mahali pa kufungwa. Nikaifunga kwenye kona ya kizimba. Nikaona nimefanya kazi mbili kwa msumari mmoja. Hata niliiandika.

Nikakaa na saa. Wewe na mama yako mlikuwa nyuma ya nyumba mnatwanga, kinu kinadunda. Mbwa akaanza kulia. "Dakika ya 6 analia. Simwendei. Dakika ya 8 analia. Simwendei." Nilikuwa najisikia mwanaume. Nilisema moyoni, leo Hilda ataona kwamba na mimi nimejifunza.

Ukatokea kwenye kona ya nyumba unakimbia, mchi bado mkononi. Ulipita mbele yangu, upande wako wa kushoto ukiwa kwangu, nami nikakupigia kelele, "Hilda! Bado hajanyamaza! Hilda, unaharibu!" Hukugeuka. Ulipiga bawaba kwa mchi, ukamtoa, na alikuwa mwekundu. Majimoto walikuwa kwenye kope, ndani ya masikio, katikati ya vidole. Uliwachomoa mmoja mmoja, nao wanakuning'inia mikononi, na hukusema hata "ai". Nilipoona kamba yangu ilivyojaa wadudu wanaoteremka kwa mstari, kama watu waliojengewa daraja, nikalivuta fundo likazidi kukaza. Mama yako ndiye aliyeikata kwa kisu.

Jioni yake ulikaa hapa barazani, yeye amelala mapajani mwako, jicho moja limevimba. Nikakuuliza, "Ulijuaje? Mimi nilikuwa karibu zaidi. Kilio ni kilekile."

"Si kilekile, baba. Kilio cha deko kinasimama kusikiliza. Analia, anakatiza kidogo, anasikiliza kama nakuja. Akiona siji, anaanza upya. Cha leo hakikusimama. Alikuwa haniiti tena. Alikuwa anaumia tu."

"Na ukakisikia katikati ya kinu?"

Ukacheka. "Ninalo sikio moja tu, baba. Inabidi lifanye kazi."

Ulisema bila ubaya. Ninakujua, hukuwa unarusha jiwe. Ukamchukua mbwa ukaenda kumpaka mafuta, ukaniacha nimekaa na daftari wazi mbele yangu na kalamu ambayo haikuandika kitu.

Kesho yake asubuhi sikwenda shambani. Nilisubiri nyote muondoke, nikavuta sanduku, nikatafuta daftari la mwaka ulioanza kidato cha kwanza. Nakunakilia kama nilivyoandika, bila kurekebisha.

Jumapili ya kwanza: "Hilda amepiga kwa simu ya matroni wa bweni. Analia. Ananyamaza, anauliza, 'Baba, upo?' Analia tena. Nimemwambia avumilie."

Jumapili ya pili: "Hilda amepiga. Kama wiki iliyopita. Anauliza kama nipo. Nimemwambia ajikaze."

Jumapili ya tatu: "Hilda amepiga. Amelia mfululizo, hakuuliza kitu. Nasema naye hanisikilizi. Nimekata simu. Nimempigia matroni baadaye kwamba asipewe simu tena mpaka likizo, ili azoee."

Jumapili ya nne: "Hilda hajapiga." Ya tano: "Hajapiga." Ya sita: "Hajapiga. Amezoea. Mungu ashukuriwe." Na chini ya neno *amezoea* nimepiga mstari kwa rula.

Hilda, nilikuwa nimeandika. Jambo lilikuwepo lote, kwa mkono wangu, kwa wino wa buluu. Jumapili mbili ulilia ukasimama kusikiliza kama nipo. Jumapili ya tatu hukusimama. Niliiona tofauti, nikaiandika kwa usahihi, nikaipa tarehe, na sikuielewa. Miaka yote nilidhani kuandika ni kuona.

Yaliyofuata unayajua kwa sababu yalikupata wewe. Lakini kuna vitu ambavyo huvijui, na sitaki upande basi kesho bila kuvijua.

Cha kwanza ni juu ya mama yako. Jumapili ile ya tatu alikuwa amesimama karibu nami, akakusikia kwenye simu. Nilipokata, alikuwa ameshajifunga kanga na kushika mkoba, anakwenda barabarani kutafuta usafiri wa Masasi. Nikamzuia. Nilimwambia, "Mtoto ukimfuata akilia, kesho atalia zaidi." Nilisema kama mtu mwenye elimu. Akafungua kanga, akaweka mkoba chini. Kama umewahi kujiuliza kwa nini mama hakuja, jibu ni mimi.

Cha pili ni safari ya kurudi nyumbani likizo. Ndani ya gari nilikaa kushoto kwako, nikaongea njia nzima juu ya mabati mapya, nawe ukatazama dirishani. Nikaandika: "Hilda amerudi na kiburi cha bweni. Hajibu anaposemeshwa." Zilipita siku tisa. Ni mama yako aliyekuwa anakusuka akasikia harufu, akainamisha kichwa chako kwenye mwanga, akaniita kwa sauti ambayo sitaisahau.

Na cha tatu ni hiki, na hiki unakijua, lakini hatujawahi kukisema. Daktari pale hospitali alimulika sikio lako la kushoto, akasema ngoma imetoboka siku nyingi na usaha umeharibu ndani. Akanitazama mimi. "Mzee, mtoto hakusema kwamba anaumwa?"

Nikasema, "Hakusema."

Ulikuwa umekaa kitandani pale, miguu haifiki chini. Ulinitazama. Hukubisha, hukulia. Ulinitazama tu, halafu ukatazama ukuta. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mbwa nilimfuata dakika ya nne, mara tano kwa siku moja. Wewe sikukufuata.

Tangu siku ile hujaniita kwa shida yoyote. Nimepekua madaftari kuhakikisha, kwa sababu sitaki kuongeza chumvi. Ulipougua malaria kidato cha tatu, ulimwambia mama. Begi lilipoibwa, mjomba. Matokeo yalipochelewa ukawa huli, nilijua kwa jirani. Nami niliandika, tena kwa sifa: "Hilda ni mtoto asiyesumbua." Watu wakiniita Baba Hilda njiani nilikuwa naitika kwa kifua mbele.

Mwezi wa nane mjomba alipokuja kukagua miezi yake miwili, alimkuta Watasema kizimbani, mlango umefungwa, kimya. Akapiga makofi. "Si nilisema? Amezoea!"

Ukamwambia, "Mjomba, kunyamaza kuko kwa aina mbili. Fungua mlango uone."

Akafungua. Mbwa akatoka taratibu, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akanusa viatu vya mjomba, akatikisa mkia. Akaenda akanywa maji. Halafu, bila kuitwa na mtu, akarudi ndani mwenyewe, akazunguka mara mbili juu ya shuka, akalala na uso wake ukitazama nje. Unakumbuka mjomba alivyobaki ameshika mlango?

"Aliyekata tamaa halali hivi," ukamwambia. "Aliyekata tamaa anakaa kwenye kona anatazama ukuta. Ukimfungulia hatoki."

Mjomba akasema pole pole, "Pilipili yangu nitakula mwenyewe." Mama yako akacheka. Mimi niliingia ndani nikajifanya natafuta kitu. Sikukuuliza ulijifunzia wapi habari ya kona na ukuta.

Nimekaa na jambo hili tangu siku ile, na kila ninapoligeuza nashangaa upya. Mtu aliyenyimwa kusikilizwa angeweza kuwa mgumu. Angeweza kusema, na mimi sikufuatwa, basi na alie. Mjomba wako analea hivyo kwa sababu alilelewa hivyo, nami pia, maana baba yangu alikuwa na methali moja tu nayo ilikuwa fimbo. Wewe umelichukua jambo lilelile lililokuumiza ukalifanyia kazi, ukachambua kilio na kilio, kimya na kimya, kama mtu anayechambua korosho nzuri na mbovu kwa kuzitikisa tu mkononi. Na unafanya hivyo kwa sikio moja. Mimi nina mawili, na saa, na madaftari kumi na tisa. Nakutazama unavyomwinamia mnyama yule nahisi kama ninavyohisi asubuhi nikiingia shambani nikakuta mkorosho niliokwisha kuukatia tamaa umetoa maua usiku mmoja. Unasimama tu. Huna la kufanya. Unavua kofia.

Sina mausia marefu. Huko unakokwenda utafundishwa majina ya magonjwa na vipimo vya dawa, na utayajua kuliko mimi ninavyojua salfa. Lile lingine unalo tayari na sidhani kama lipo kwenye vitabu vyao. Siku utakapokutana na mkubwa mwenye kalamu na saa, anayeandika "amezoea" na kupiga mstari, usimwogope. Mpite na mchi wako.

Nimesimama kidogo hapa. Watasema ameamka, amesikia harufu ya korosho, akaenda kulia kwenye mlango wa jikoni. Niliinuka nusu. Halafu nikasikiliza. Analia, anakatiza, sikio moja juu, anatazama kama nakuja. Nikakaa. Mama yako naye hakutoka, nilimsikia akisema peke yake, "Sikuoni, sikusikii." Ikaja ile pumzi moja, nikaenda, nikamkuna kifuani nikamwambia, "Ndivyo hivyo." Ni dakika saba, nimeandika. Usihofu, hatutakuharibia mwanao.

Maisha yangu yote sijachana ukurasa wa daftari. Hata ule niliomwagia chai niliuanika ukakauka. Leo nimechukua wembe nikaukata ule wenye Jumapili ya sita, nikaukunja ndani ya barua hii. Sikuupi ili unisamehe. Nimeutoa kwa sababu ni wa uongo, na nisingependa nikifa mtu aukute kwenye sanduku akausoma kama kumbukumbu ya nyumba hii. Uchome, uuhifadhi, ufungie dagaa, ni wako. Mahali pake nimeandika kwa tarehe ya leo: "Hilda alisema. Mimi ndiye sikusikia."

Kesho stendi ya Masasi kutakuwa na kelele, wapiga debe, honi na mama yako analia huku anasema halii. Nitasimama upande wako wa kulia. Kama sitaweza kusema kitu, na najijua huenda nisiweze, ujue nimeshasema hapa.

Simu yangu nimeitoa kwenye mtetemo, nimeiwekea mlio wa juu kabisa, ule unaomuudhi mama yako. Itakuwa mezani nikila na mfukoni nikiwa shambani. Nipigie. Ukilia kilio kisichosimama, nitakuja hata kwa mguu mpaka nipate gari. Na ikiwa ni deko tu, umechoka, umeona mvua ya ugenini ukaikumbuka nyumba, ukalia kidogo ukakatiza kusikiliza kama nakuja, hayo ya kusubiri kimya tumeyaweka kwa mbwa. Wewe ni mwanangu. Nitakuja vilevile.

Baba Hilda